Mchoraji wa Lubumbashi aliyejiita mwanahistoria

MWISHONI mwa mwaka wa 1973, kijana mchoraji alimwendea mhadhiri mmoja Mjerumani mjini Lubumbashi, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, akiwa na picha za kuuza. Mhadhiri huyo, Johannes Fabian, alikuwa akifundisha katika chuo kikuu cha mji huo na kutafiti maisha na lugha ya wafanyakazi wa migodi ya shaba. Mchoraji aliitwa Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa papo hapo mwaka wa 1947, mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville.

Biashara hiyo ya picha chache iligeuka kuwa kazi ya miezi mingi. Tshibumba alikuwa na azma aliyokuwa akiitafutia nafasi: kuichora historia nzima ya nchi yake, tangu enzi za mababu kabla ya mzungu hadi siku zisizofika bado. Fabian alikubali kuzinunua picha hizo na kumsikiliza. Kila zilipoletwa nyingine, wawili hao waliketi na kinasa sauti, mchoraji akaeleza alichokichora na sababu ya kukichora. Kazi ilipokwisha, zilikuwa zimepatikana picha 101. Mazungumzo yote hayo yalifanyika kwa Kiswahili.

Msomaji wa Kenya asishangae. Kiswahili kilitangulia na wafanyabiashara wa msafara, kisha kampuni ya Union Minière na serikali ya Ubelgiji wakakitumia kuwaamrishia vibarua waliotoka kila upande, hata kikawa lugha ya nyumbani ya watoto wa migodini. Ni Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa na lugha za Kiluba, na Mswahili wa Lamu angetega sikio mara mbili kabla ya kukielewa. Hata hivyo tumekuwa tukikisikia kwa miaka mingi. Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo, wapiga gitaa kutoka eneo hilo hilo la shaba, walifika Nairobi na kuimba humu nchini, nasi tukawahesabu kama wetu. Aidha, mojawapo ya mitaa ya Waafrika mjini Lubumbashi inaitwa Kenya, jirani na Kamalondo, ule mtaa ambao mashabiki wa soka wanaujua kwa uwanja wa TP Mazembe.

Ili kuzielewa picha za Tshibumba, sharti kwanza mtu auone mji wenyewe. Wabelgiji waliuanzisha mwaka wa 1910 kwa sababu moja tu: shaba. Bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia madini na mlima mweusi wa masazo yake ndivyo vinavyomlaki mgeni, na ndivyo vinavyochorwa na kila anayetaka kuuonyesha mji huo. Wazungu walijijengea upande wao, Waafrika wakawekwa upande mwingine, na katikati ukaachwa ukanda mtupu usiokaliwa na mtu. Wafanyakazi wa kampuni walikuwa na kambi zao, zenye shule, hospitali na sheria zao. Aliyefukuzwa kazi alipoteza na nyumba.

Katika nyumba hizo za wafanyakazi, baada ya uhuru na hasa katika miaka ya mwanzo ya sabini, ilienea desturi ya kutundika picha za rangi sebuleni. Hazikuwa picha za watalii. Wachoraji walizichora kwenye kitambaa cha mifuko ya unga na kuziuza kwa bei ambayo mfanyakazi wa mgodi angeimudu, kisha wakachora nyingine zilizofanana nazo. Iliyopendwa mno ilikuwa ile ya Ukoloni wa Kibelgiji: ua wa gereza, mfungwa amelazwa kifudifudi, askari mweusi anamchapa, na mzungu mwenye kofia ngumu amesimama akitazama. Mtu ataweza kuuliza ni nani anayetaka kula chakula chake cha jioni mbele ya picha kama hiyo.

Jibu limo katika neno moja ambalo Tshibumba na wateja wake walilitumia mara kwa mara: ukumbusho. Kwetu neno hili hutukumbusha sanamu ya shujaa barabarani, au zawadi ya kuagana. Kwa watu wa Lubumbashi picha ilikuwa ukumbusho kwa sababu iliwafungua watu vinywa. Mgeni aliingia, akaiona, akauliza, na baba mwenye nyumba akaanza kusimulia yaliyompata yeye au mzazi wake. Picha isiyozua mazungumzo ilikuwa pambo tu. Wachoraji wengi walitosheka na hapo. Tshibumba yeye alijiita mwanahistoria, na kwa maoni ya mwandishi huyu alistahili jina hilo kuliko baadhi ya waliokuwa na shahada.

Chukua mathalani mgomo wa Desemba 1941. Vita vikuu vikiendelea na shaba ya Katanga ikihitajika mno, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na wanajeshi wakawafyatulia risasi. Makumi waliuawa. Tshibumba alikuwa hajazaliwa, wala tukio hilo halikuwa jambo la kufundishwa watoto wa shule za kikoloni. Alilichora kwa kutegemea yale yaliyosimuliwa na wazee, na akawaita waliokufa mashahidi.

Alimchora pia Simba Bulaya, yaani simba wa Ulaya. Hao walikuwa watu wa kutisha walioaminika kuwateka Waafrika usiku kwa niaba ya wazungu, na waliotekwa hawakurudi tena. Wazee wa Nairobi wanaokumbuka uvumi kuhusu wazimamoto waliosemekana kunyonya watu damu watatambua mara moja kisa hicho. Mwanahistoria wa maktabani angekiacha kando kwa kukosa ithibati. Tshibumba alikiweka pamoja na vita na mikataba, kwa kuwa hofu ile ilikuwa sehemu ya maisha ya mji.

Lakini anayerudi tena na tena katika kazi yake ni Patrice Lumumba. Waziri Mkuu huyo alipelekwa Elisabethville kwa ndege mnamo Januari 17, 1961, Katanga ikiwa imejitenga chini ya Moise Tshombe, na usiku huo huo akauawa msituni nje ya mji pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, maafisa wa Kibelgiji wakiwapo. Tshibumba alikuwa mvulana wa miaka 13 au 14. Baadaye alimchora Lumumba amelala chini, damu imetoka ubavuni, na nyuma yake misalaba mitatu kama ile ya Golgotha. Hakuna Mkristo wa Lubumbashi aliyehitaji kufafanuliwa.

Ulikuwa ujasiri, ingawa si wa kijinga. Mobutu Sese Seko, ambaye aliwahi kumkamata Lumumba, alikuwa amemtangaza shujaa wa taifa mwaka wa 1966, hivyo kumchora hakukuwa kosa. Kueleza kwa sauti nani alimsaliti lilikuwa jambo jingine. Ndiyo maana maelezo ya mchoraji yanapaswa kusomwa kwa makini: mahali pengine anasema waziwazi, mahali pengine anazunguka mbuyu, na penginepo picha inasema kile ambacho mdomo umekiacha.

Miaka michache baadaye bei ya shaba ilianguka, vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vikafuata, na mfanyakazi wa mgodi hakuwa tena na fedha za kununulia picha. Wachoraji walitawanyika. Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya themanini, na hakuna aliyejua yuko wapi wala kama angali hai. Asili ya familia yake ilikuwa Kasai. Mnamo 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili hiyo walifukuzwa Katanga, wakaondoka na vile walivyoweza kubeba. Kuta nyingi zilizokuwa na picha zilibaki wazi.

Zile picha 101 zilinusurika kwa sababu zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari. Zimo Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa Tropenmuseum na ambalo tangu 2023 linaitwa Wereldmuseum. Hapo ndipo ugumu ulipo. Zimetunzwa vyema kuliko ambavyo zingetunzwa sebuleni, lakini jumba la Ulaya halina baba mwenye nyumba wa kumjibu mgeni anayeuliza. Juni 2022, Ubelgiji ilipoirudisha familia ya Lumumba jino lake, masalio pekee ya mwili wake, jeneza lilipitishwa Lubumbashi kabla ya mazishi ya Kinshasa. Picha za mtoto wa mji huo zinazosimulia kifo hicho hazikuwapo.

Fabian alichapisha kitabu kuhusu picha hizo na maelezo yake kwa Kiingereza mwaka wa 1996. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa mazungumzo yenyewe yaliwekwa pia kwenye intaneti, katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu wa kawaida, neno kwa neno kama yalivyonaswa. Hifadhi hiyo hiyo ina historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka wa 1965 na watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu. Maandishi hayo yanasomeka polepole, tena afadhali kwa sauti, maana tahajia yake si yetu. Baada ya kurasa mbili tatu sikio huzoea, na sauti ya Tshibumba akieleza picha yake ya kwanza huanza kusikika.