Magadi na Kiberiti: Ndugu wa Safu Moja

Katika milima ya Nyambene, si mbali na mji wa Isiolo, liko shimo kubwa la volkano liitwalo Magado. Watu huteremka humo kuchukua chumvi ya mifugo. Mchungaji huijua chumvi kwa kuionja, na mpishi ajua kwamba magadi kidogo hulainisha maharagwe. Lakini wachache wajua kwa nini maji ya magadi huteleza kama sabuni, hali siki ni kali.

Jibu limo katika jedwali la elementi lililotangazwa mwaka 1869 na Dmitri Mendeleev, mtaalamu wa Urusi. Yeye alizipanga elementi kwa uzito; siku hizi hupangwa kwa hesabu ya protoni zilizo katika kiini cha atomu. Safu ya tatu ina elementi 8: sodiamu yenye protoni 11, kisha magnesiamu, alumini, silikoni, fosforasi, salfa, ambayo ndiyo kiberiti cha manjano, klorini, na mwisho argoni yenye protoni 18.

Kadiri safu iendavyo kulia, ndivyo kiini kizidivyo kuzivuta elektroni zake. Sodiamu huiachilia elektroni yake upesi. Ikitupwa majini huchachamaa na kuweza kuwaka. Magnesiamu katika maji baridi huenda polepole sana. Klorini hunyakua elektroni za wengine, na kwa nguvu hiyo huua vijidudu vya maji ya kunywa. Argoni haitoi wala haipokei, imekwisha kushiba.

Elementi hizo zikiungana na oksijeni, mwendo huonekana vilevile. Oksidi ya sodiamu ikitiwa majini hufanya alkali kali, na ya magnesiamu alkali hafifu. Ya alumini husimama katikati, maana hupatana na asidi na alkali pia. Kutoka silikoni mambo hugeukia upande wa asidi, na salfa hutoa asidi kali sana.

Elimu hii yamfaa mkulima. Katika nchi kavu kama ya Isiolo, jua hukausha maji ya shambani na kuacha weupe juu ya udongo. Weupe huo ukiwa chumvi tu, maji matamu yenye njia ya kutokea huweza kuiondoa. Lakini ukiwa magadi, maji matamu peke yake huufanya udongo ugande na kuziba, hata mizizi ikakosa hewa. Hapo hutakiwa kwanza jasi. Au salfa, ikiwa udongo una chokaa, kwani vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa asidi ipunguzayo ukali wa magadi.

Kwa hiyo yafaa udongo upimwe kabla ya kununua dawa. Weupe wa aina mbili hufanana kwa macho, bali tiba zake ni mbalimbali, na atakayekosea atapoteza fedha na shamba pia.