Upungufu wa damu kwa watoto: kampeni ya chakula ianzie kwenye chungu cha mama

Katika Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo, uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 60 kwa 100 wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa Shirika la Afya Duniani (OMS), kiwango kikifika 40 kwa 100, hilo ni tatizo kubwa la afya ya jamii. Kwa hiyo kampeni inahitajika. Lakini ipangwe namna gani, kule Kivu ambako vita vimefukuza watu kwenye mashamba yao?

Jambo la kwanza ni kujua ni nani wa kufikiwa mbele ya wengine. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma kutoka kwa mama yake. Akifika miezi 6, akiba hiyo imepungua, na maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena. Hapo ndipo wengi hupewa uji mwepesi wa mahindi ao wa muhogo, ambao unajaza tumbo lakini hauongezi damu. Watoto wa miezi 6 hadi 23, pamoja na wamama wajawazito, ndio wa kwanza.

Jambo la pili ni kuacha kuwaambia wazazi wanunue nyama kila siku. Mama asiye na pesa atasikiliza, kisha atarudi nyumbani bila kubadili kitu. Afadhali kuanza na kile kinachopatikana sokoni. Sambaza na ndakala zilizokaushwa, zikitwangwa mpaka ziwe unga, zinaweza kutiwa kwenye uji wa mtoto. Maharagi yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, ndipo yapikwe. Sombe na lengalenga ni vizuri, lakini chuma cha majani hakiingii mwilini kwa urahisi kama kile cha samaki ao cha maini. Kipande cha chungwa, pera ao embe wakati wa kula husaidia kukiingiza. Chai hufanya kinyume: isipewe mtoto pamoja na chakula. Na rangi nyekundu ya kinywaji haileti damu.

Wababa pia waitwe. Katika nyumba nyingi, samaki mkubwa huwekwa kwenye sahani ya baba, na mtoto mdogo hubakia na mchuzi. Ujumbe ukiishia kwa wamama waliokuja kupimisha watoto kilo, yule anayetoa pesa ya soko hataupata. Upitishwe kanisani, msikitini, kwenye redio na kwenye vyama vya walimaji.

Kalenda ya shamba nayo ni ya kuzingatia. Kivu ya Kusini, msimu A huanza mwezi wa 9. Kituo cha INERA cha Mulungu kimeshughulikia aina za maharagi yenye chuma kingi. Mbegu hizo zikifika mwezi wa 11, walimaji wamekwisha kupanda, na kampeni imepoteza msimu mzima.

Chakula peke yake hakitoshi. Malaria huharibu damu, na minyoo hunyonya damu ya mtoto. Chandarua, matibabu ya haraka ya malaria na dawa ya minyoo viende pamoja na mafunzo ya upishi. OMS inashauri pia watoto wa miezi 6 hadi 23, pale tatizo ni kubwa, wapewe dawa ya chuma kila siku kwa miezi 3 mfululizo kwa mwaka. Lakini penye malaria, itolewe tu pale ambapo kinga na matibabu ya malaria vipo. Mzazi asijinunulie dawa hiyo bila kumuona muganga.

Mwishowe, matokeo yapimwe. Tone la damu la kidole lichukuliwe kabla ya kampeni, na tena mwaka unaofuata katika mwezi uleule, kwani malaria hupanda na kushuka kufuatana na mvua. Kuhesabu wamama waliohuzuria mikutano hakuonyeshi kama damu ya watoto imeongezeka.

Wakati huo wote, mtoto mwenye viganja vyeupe, anayechoka haraka ao anayehema kwa nguvu asingojee kampeni. Apelekwe kwenye kituo cha afya siku ileile.