Kuupima Ukweli wa Wasafiri wa Kale: Njia ya Ugogo

Msafiri arudiye kutoka mbali mara nyingi hana shahidi. Wakaao nyumbani humsadiki au humkana kama wapendavyo. Lakini iko njia nyingine, nayo ni kuifuata njia yake kituo kwa kituo, kitabu chake ki mkononi. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo, na mfano wetu ni njia ya zamani ya misafara ipitayo katika nchi ya Ugogo, pande za Dodoma.

Kwanza na tutazame pwani, kwa maana huko twapata mfano wa kale zaidi. Ibn Batuta, mtu wa Tangier, alifika Kilwa mwaka 1331. Habari zake alizisimulia baada ya kurudi kwao Morocco, na kitabu kilimalizika karibu na mwaka 1355. Alimtaja Sultani Hasan, na sarafu zenye jina la al-Hasan bin Sulaiman zimeonekana ardhini. Hapo ana shahidi. Lakini kitabu chasema kwamba nyumba za Kilwa zilikuwa za miti, hali magofu ya msikiti mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa, yote ya mawe, yangalipo hata leo. Na habari za nchi ya dhahabu, mwenyewe asema kwamba aliambiwa na mfanyi biashara. Basi kanuni ya kwanza ni hii: tutenge aliyoyaona msafiri na aliyoyasikia, tena tuulize ni miaka mingapi ilipita kabla hajayasimulia.

Sasa turudi Bara. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani karibu na Bagamoyo mwezi wa Juni, wakapita Ugogo, wakafika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Kitabu cha Burton kilipigwa chapa mwaka 1860. Aifuataye njia yake atapima mambo ya namna tatu.

Namna ya kwanza ni mambo yasiyohama. Kabla ya kuingia Ugogo kutoka upande wa Mpwapwa, Burton alivuka nyika kavu iitwayo Marenga Mkali, na jina hilo maana yake ni maji makali, yaani maji ya chumvi. Jirani yake pana mahali paitwapo Chunyu, na watu wa pwani nao huita chunyu ile chumvi ishikayo mwilini baada ya kuoga baharini. Henry Stanley alipopita huko mwaka 1871, naye aliyalalamikia maji yale. Hivyo msafiri wa pili na majina ya nchi yanamshuhudia wa kwanza.

Namna ya pili ni mambo yabadilikayo kwa majira. Mwaka 1857 wapagazi wa Burton walipoingia Ugogo waliletewa maziwa, asali na mifugo, wakashiba. Speke aliporudi pamoja na James Grant mwishoni mwa mwaka 1860, alikuta njaa. Je, mmoja wao alisema uwongo? La. Ugogo hupata mvua msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili au karibu yake, na mvua ikikosekana hakuna msimu wa pili wa kuwaokoa watu. Kwa hiyo anayetaka kumpima msafiri lazima aujue mwezi na mwaka aliopita.

Namna ya tatu ni hukumu zake juu ya watu, nayo yataka uangalifu kupita zote. Katika Ugogo misafara ilitozwa hongo ya nguo na shanga kila ilipoingia katika nchi ya mtemi mwingine. Burton aliona kwamba jambo hilo ni unyang'anyi, akaandika maneno makali juu ya Wagogo. Lakini na tufikiri. Wakati wa kiangazi maji ya Ugogo hupatikana kwa kuchimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka. Msafara wa mamia ya watu wenye kiu ukifika kisimani, waweza kuyamaliza maji ya watu na ya ng'ombe wao. Kwa mwenye kisima, hongo ilikuwa bei ya maji na ruhusa ya kupita. Msafiri aweza kuwa kweli katika hesabu ya nguo alizotoa, naye akawa amekosa katika hukumu yake. Hukumu za namna hii zimesomwa mbali sana, na waliohukumiwa hawakuulizwa.

Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, na misafara ya wapagazi ikakoma. Hata hivyo majina ya vilima, mito na visima mengi yangali vinywani mwa wazee. Mwanafunzi asomaye kitabu cha msafiri na ayaandike majina aliyoyataja, kisha awaulize wazee: kisima hiki ki wapi, kilichimbwa na nani, na hukauka mwezi gani? Majibu yao na yawekwe kando ya maneno ya kitabu. Msafiri alikaa Ugogo majuma machache tu. Wenyeji waliendelea kuyateka maji yale baada ya yeye kwenda zake, na ushuhuda wao nao wapasa kusikiwa.