Ngazi za Hollywood, Magoma ya Kuze

Karibu na mwisho wa filamu ya Stormy Weather, iliyotoka Marekani mwaka 1943, ndugu wawili waliovaa suti nyeusi zenye mkia wanarukia meza za wageni na kuanza kucheza. Fayard na Harold Nicholas hawakai hapo. Wanakatiza katikati ya bendi ya Cab Calloway kwa kukanyaga majukwaa ya wapiga ala, wanafika hadi juu ya piano, kisha wanapanda ngazi pana iliyo nyuma. Shughuli yenyewe ni wakati wa kushuka. Mmoja anasimama kwenye kidato. Mwenziwe anaruka kumpita juu ya kichwa na kutua kidato cha chini, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, mapaja yamelala sakafuni. Hajainuka vizuri, yule wa juu naye keshamruka. Wanateremka hivyo kidato kwa kidato, na kila anayetua anainuka bila kushika chini.

Filamu hiyo imepita miaka 80. Hadithi yake wachache wanaikumbuka, lakini kipande cha ngazi kingali kinazunguka kwenye simu za watu, na anayekiona mara ya kwanza hurudia kukitazama. Kwa nini dansi za filamu za zamani namna hii hazichuji? Swali hilo lina jibu zuri zaidi likiulizwa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, kuliko likiulizwa California. Watu wa Kuze na mitaa jirani walikuwa na jicho la ngoma tangu kabla sinema haijaanza kuimba, na walichokipenda kwenye kioo walikitoa huko wakakitia katika harusi zao.

Filamu ilipata sauti ya kuimba mwaka 1927, pale The Jazz Singer ilipoonyeshwa. Miaka miwili baadaye ikatoka The Broadway Melody, iliyotwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora, na kila studio ikakimbilia nyimbo na dansi. Nyingi za mwanzo zilikuwa nzito kutazama. Kamera zilipiga kelele, zikafungiwa ndani ya vibanda ili mlio wake usiingie kwenye kinasa sauti, kwa hiyo zilikaa mahali pamoja na kutazama jukwaa kama mtu aliyelipa kiti cha nyuma.

Aliyeifungua kamera ni Busby Berkeley. Mwaka 1933 pekee alipanga dansi za filamu tatu kubwa za kampuni ya Warner: 42nd Street, Gold Diggers of 1933 na Footlight Parade. Aliipandisha kamera hadi darini ikatazama chini, na wasichana kadhaa wakageuka ua linalofumbua na kufumba. Mwaka huo karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Watu walitoa senti zao za mwisho kuona mpangilio ambao nje ya mlango wa sinema haukuwapo.

Mpangilio ule Berkeley hakuupata katika shule ya dansi. Alikuwa luteni wa jeshi la Marekani nchini Ufaransa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na huko alipewa kazi ya kuwapangia askari gwaride. Safu zinazoachana na kukutana, miguu mia inayoshuka kwa pamoja, mstari unaojikunja ukawa duara: alianza kuyafanya haya kwa askari wenye buti. Gold Diggers of 1933 inafungwa kwa dansi ya wanajeshi waliorudi vitani wakaishia kwenye foleni ya chakula cha bure, na hapo asili yake inajitokeza wazi kabisa.

Mombasa ilikuwa imeshakifahamu kitu hicho. Mwishoni mwa karne ya 19 pwani ya Kenya ilizaa beni, ngoma iliyochanganya tarumbeta, madrili ya kijeshi na ushindani wa mitaa. Katika Mji wa Kale vyama viwili vikubwa viliitwa Kingi na Skochi. Kila kimoja kilikuwa na vyeo vyake, mavazi yake rasmi na maandamano yake, na kila kimoja kiliazimia kumfunika mwenzake kwa nguo, kwa mashairi na kwa karamu. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, vilivyowabeba vijana wa Afrika Mashariki kwa maelfu kama askari na wapagazi, beni ilienea bara hadi ndani kabisa ya Tanganyika na kuvuka kwenda Nyasaland. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuihusu mwaka 1975. Vita ile ile, na kwata ile ile, zilimpa Berkeley ufundi wake na zikaitawanya beni ya pwani; hawa hawakuwaiga wale, wala wale hawakujua kama hawa wapo.

Wanawake nao walikuwa na lelemama. Hii haina haraka. Wachezaji wanasimama bega kwa bega, sare moja kuanzia kichwani, na mwendo wote umo mikononi na kwenye mabega: kuinama kidogo, kiganja kugeuka, safu nzima kuyumba kwa pamoja kama tanga lililopata upepo. Anayekosea anaonekana papo hapo kwa sababu safu imevunjika. Vyama vya lelemama vya Mombasa, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa miaka mingi katikati ya karne iliyopita, na mtafiti Margaret Strobel ameonyesha kuwa wanawake walivitumia kujenga uongozi na heshima ambayo hawakuipata kwingine. Mtazamaji aliyelelewa katika mashindano hayo hakuhitaji kufundishwa namna ya kuzitazama safu za Berkeley. Angeanza kwa kutafuta nani amechelewa nusu pigo.

Jicho la namna hiyo ndilo linaloeleza pia nguvu ya mchezaji Fred Astaire. Alianza kucheza na Ginger Rogers katika Flying Down to Rio mwaka 1933, wakatoa filamu tisa pamoja hadi 1939, na ya kumi mwaka 1949. Astaire alishika sharti moja: kamera ionyeshe mwili mzima, kichwa hadi kiatu, na dansi isikatwekatwe. Sharti hilo lina gharama. Kipande kikiwa kirefu bila kukatwa, kosa moja dogo linarudisha kila kitu mwanzo. Dansi ya mwisho ya Swing Time, mwaka 1936, ilirudiwa zaidi ya mara 40 siku ile ya kupigwa picha, na miguu ya Rogers ikatoka damu viatuni. Kwenye kioo wawili hao wanaonekana kama hawakanyagi chini.

Leo video nyingi za muziki hukata picha kila sekunde moja au mbili: bega, jicho, kiatu, bega tena. Ujuzi wa mchezaji hauonekani. Unaonekana ujuzi wa mhariri. Dansi ya zamani inamwachia mtazamaji ahakikishe mwenyewe, kwa macho yake, kwamba mtu huyu amekifanya kitu hiki kweli. Ngomani ni hivyo hivyo. Hakuna anayemkatia picha mchezaji wa chakacha katikati ya duara la wanawake wa harusi. Kiuno kinafuata ngoma au hakifuati, na shangazi zake wote wako pale.

Kuna upande mchungu usiofaa kurukwa. Dansi ya kugonga viatu, ambayo ndiyo iliyojenga filamu hizi, ilikua mikononi mwa Wamarekani Weusi, ikachanganyika na dansi za wahamiaji kutoka Ireland na Uingereza. Koloni la South Carolina lilipiga ngoma marufuku kwa watumwa kwa sheria ya mwaka 1740, baada ya uasi wa Stono wa mwaka uliotangulia. Ngoma zikanyang'anywa, viganja na nyayo zikabeba mapigo. Lakini Hollywood ilipoyageuza mapigo hayo kuwa fedha, wenyewe walipewa nafasi za pembeni. Bill Robinson, bingwa wa kucheza kwenye ngazi, aliingia katika The Little Colonel ya mwaka 1935 akicheza mtumishi, mkononi ameshika mkono wa mtoto Shirley Temple. Akina Nicholas wenyewe mara nyingi walipangiwa vipande visivyofungamana na hadithi, ili wenye sinema za majimbo ya kusini waweze kuvikata bila filamu kuharibika. Hata Astaire, katika Swing Time, alijipaka masizi usoni ili kumuenzi Robinson. Heshima aliyoikusudia haiondoi uchungu wa kitendo chenyewe.

Waliokatwa ndio wanaotazamwa zaidi leo. Fayard Nicholas hakuwahi kusomea dansi. Alijifunza akiwa mtoto kwa kukaa viti vya mbele vya ukumbi wa Standard huko Philadelphia, ambako wazazi wake walikuwa wapiga muziki, akawatazama wachezaji na kurudi nyumbani kuwafundisha wadogo zake. Mtoto wa Mji wa Kale naye ngoma huipata hivyo hivyo, pembeni mwa uwanja, kabla hajaruhusiwa kuingia.

Kufika kwa dansi hizi Mombasa hakukuwa kwa njia moja. Sinema za mjini, zikiwamo Regal, Majestic na Naaz, zilileta filamu kutoka Marekani, Uingereza, Misri na India. Filamu za Kimisri zilikuwa na Farid al-Atrash na udi wake pamoja na mchezaji Samia Gamal. Ila zilizotia mizizi ni za Kihindi, na ndani ya hizo Hollywood ilikuwa imekwisha kusafiri mara moja. Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, ilitoka Bombay mwaka 1931 ikiwa na nyimbo saba, na tangu hapo filamu ya Kihindi bila wimbo ikawa kama haijakamilika. Mwaka 1948 studio ya Gemini ya Madras ikatoa Chandralekha, ambamo mamia ya wachezaji wanacheza juu ya ngoma kubwa kubwa zilizopangwa safu kwa safu. Mkono wa Berkeley unaonekana humo hata kwa asiyelijua jina lake. Mwaka 1951 mwongozaji Raj Kapoor akaingiza katika filamu yake Awara ndoto ndefu ya mawingu, ngazi, mashetani na mwigizaji Nargis aliyevaa nguo zinazopepea. Kazi ya kuipiga picha sehemu hiyo peke yake inasimuliwa kuwa ilichukua miezi mitatu.

Awara iliushika mwambao wote. Huko Unguja, ambako sinema ziliweka maonyesho ya wanawake peke yao, watu waliirudia na kuirudia mpaka nyimbo zake zikaimbika barazani. Mombasa haikubaki nyuma, na ikaongeza la kwake.

Aliyeongeza kuliko wote ni Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Alichukua tuni za filamu za Kihindi akazitilia mashairi ya Kiswahili. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi nyepesi. Shairi la Mvita lina vina na mizani, kwa kawaida silabi nane kwa nane, nayo tuni ya Bombay ilitungwa kwa lugha yenye vipimo vingine kabisa. Mwimbaji lazima aivute silabi hapa, aikunje pale, kina kiangukie pale sauti inapotua, na maneno yabaki na maana ya Kimvita. Sehemu ya maneno hayo ilitoka kwa jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971 ikiwa imehaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Mji wenye washairi wa kiwango hicho hauwezi kupokea wimbo wa kigeni ukauacha ulivyo.

Wengine walifuata njia hiyo, kila mmoja kwa namna yake. Maulidi Juma na kundi lake walichanganya tuni za Kihindi na chakacha, tashkota, ala ya nyuzi, ikilia juu ya ngoma, na santuri yao Mombasa Wedding Special ilitolewa Uingereza mwaka 1990. Zuhura Swaleh aliingiza chakacha katika taarabu kwa nguvu iliyowanyanyua wanawake vitini. Hapo dansi ya filamu ilikuwa imekamilisha mzunguko wake: tuni imetoka kwenye kioo, maneno yametoka kwa malenga, na mwendo ni wa kiuno cha pwani.

Sinema zile kubwa za Mombasa nyingi zimefungwa au kubadilishwa kazi. Lakini vijana wanaocheza Michael Jackson katika hafla za shule wanamchezea Astaire pasipo kujua. Video ya Smooth Criminal ya mwaka 1988, yenye suti nyeupe na kofia, iliiga kwa makusudi dansi ya Astaire katika The Band Wagon ya mwaka 1953. Anayetaka kuanza kutazama asihangaike na filamu nzima. Aanze na ngazi za akina Nicholas, kisha ndoto ya Awara, kisha kipande chochote cha Astaire na Rogers katika Top Hat ya mwaka 1935. Mara ya kwanza atazame kwa raha tu. Mara ya pili azime sauti, atazame miguu. Mara ya tatu, kama nyumbani yuko bibi aliyewahi kusimama katika safu ya lelemama, amwite akae karibu na kumuuliza nani amechelewa.