Jina la Kikoa Mbele ya Macho na Masikio ya Mgeni

Mfanyabiashara wa mchele wa Ifakara anayetaka wanunuzi wa mbali wamfikie kwa njia ya intaneti hana budi kwanza kuchagua jina la kikoa, yaani anwani ambayo mtu huiandika katika kompyuta au simu ili kufika kwenye tovuti yake. Mnunuzi hukutana na jina hilo kabla hajauona mchele wenyewe. Yafaa basi kuchunguza jina humpa mtu fikira gani anapoliona au kulisikia kwa mara ya kwanza.

Kompyuta zenyewe hazihitaji majina; huitana kwa namba. Majina yaliwekwa kwa ajili ya binadamu, ambaye namba ndefu humponyoka. Utaratibu unaotumika hadi leo ulibuniwa na Paul Mockapetris huko Marekani mwaka 1983. Jina hugawanywa kwa nukta, na kompyuta hulifuata kutoka kulia kwenda kushoto. Katika jina linaloishia na co.tz, herufi tz ni Tanzania, co ni biashara, na neno lililo kushoto ni la mwenyewe. Mashirika yasiyotafuta faida hutumia or.tz, na serikali go.tz. Neno la mwenyewe halizidi herufi 63, na kwa kawaida huandikwa kwa herufi a hadi z, tarakimu na kistari tu. Nafasi kati ya neno na neno hairuhusiwi, wala herufi kubwa haitofautishwi na ndogo.

Katazo hilo la nafasi laonekana dogo, kumbe kwa Kiswahili ni mtego. Chukua mfano wa kubuni: mchelewakilombero.co.tz. Aliyelibuni husoma “mchele wa Kilombero”. Mgeni aweza kusoma “mchelewa Kilombero”, yaani mtu aliyechelewa kufika huko, na sarufi haimkatazi, kwani ni muundo uleule wa “mpenda watu”. Mwenye duka hatalitambua kosa hilo kamwe, kwa sababu yeye tayari anajua alichokusudia. Kistari huliponya jicho, mchele-wa-kilombero, lakini hulitesa sikio: tangazo la redio litalazimika kutamka “kistari” mara mbili, na hatakosekana msikilizaji atakayeliandika neno hilo herufi kwa herufi. Njia nyepesi ni kuliondoa hilo “wa”.

Sikio lina taabu nyingine. Neno Kilombero lina l na r pamoja, na wasemaji wengi hubadilishana sauti hizo. Anayeandika “kirombelo” hatafika dukani, kwa maana kompyuta haikisii kusudio la mtu. Atakuta patupu, au atafika kwa mwingine, pengine laghai aliyesajili jina linalofanana ili kuwanasa waliopotea. Majina ya vikoa hupewa anayetangulia kuomba, hivyo wafanyabiashara wengine husajili mapema hata yale yenye makosa.

Wapo wanaokimbilia ufupisho. Ifakara yenyewe ina mfano maarufu. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ya Waswisi ya miaka ya 1950, ilichukua jina lake la sasa mwaka 2008. Herufi za mwanzo za jina hilo kwa Kiingereza ni IHI, na kikoa chake ni ihi.or.tz. Ni kifupi na si rahisi kukikosea. Hata hivyo, herufi hizo tatu hazimwambii mgeni lolote kuhusu Ifakara wala malaria, na kampuni ya mitambo ya Japani iliyochukua jina la IHI mwaka 2007 hutumia ihi.co.jp. Tofauti yote imo mwishoni. Kwa taasisi inayojulikana na watafiti duniani, hiyo si hasara kubwa, maana sifa imekwisha kulitangulia jina. Duka jipya lenye magunia kumi halina sifa ya kulitangulia, nalo hufanya vema kulitaja zao au mahali.

Kwamba wepesi wa kutamka una nguvu yake, wataalamu Adam Alter na Daniel Oppenheimer walilionyesha mwaka 2006. Katika masoko ya hisa ya Marekani, kampuni ambazo herufi zao za utambulisho zilitamkika kama neno zilifanya vizuri zaidi siku za mwanzo kuliko zile zisizotamkika. Tofauti hiyo ilipungua baadaye, wanunuzi walipozijua kampuni zenyewe.

Darasani, jambo hili hupimika bila hata kompyuta. Majina matano huandikwa bila nafasi, kila moja kwenye karatasi yake. Kundi moja la wanafunzi huonyeshwa kila karatasi kwa sekunde mbili, kisha husoma kwa sauti kile lilichokiona. Kundi la pili husomewa majina mara moja tu na kuyaandika. Makosa huhesabiwa, na aliyebuni majina hashiriki katika kundi lolote. Jina lililokosewa na wanafunzi watatu kati ya kumi laweza kutengenezwa siku hiyo hiyo kwa penseli. Likishapigwa chapa kwenye magunia, kulibadili ni gharama.