Joka la Eldoret lililongojea macho

Nilikwenda Eldoret kumjulia hali dada yangu, na mvua ya huko ikanifungia ndani siku tano. Mji ule uko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, na mtu wa Mombasa akifika mwezi wa Agosti huvaa kila kilichomo mkobani. Wazee wa huko waliuita Sitini na Nne, kwa nambari ya shamba ulikoanzia. Mwaka 2024 ukatawazwa kuwa jiji. Mimi jiji sikulitembea. Nililoliona ni meza ya mpwa wangu, na juu yake joka.

Joka lenyewe ni la plastiki, urefu wake shubiri moja, lina mabawa mawili, pembe, na magamba yasiyohesabika. Alilipelekewa na nduguye aliyeko Uingereza. Vijoka vya namna hii vilipata soko kubwa baada ya mwaka 1974, ulipotoka Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao watu hukaa mezani wakatunga kisa pamoja, na kete ndizo zikaamua nani kapona na nani kaliwa. Sanamu zake huuzwa aghalabu hazina rangi. Kupaka ni juu ya mnunuzi, na wako wengi waliouacha mchezo wakabaki na brashi.

"Mjomba," akaniambia kijana, "mkono wako ni wa kalamu. Nisaidie."

Msomaji wangu, hapo nilinyamaza. Mimi nimekulia chuoni, mbele ya ubao na kalamu ya mwanzi, na katika niliyoyashika mapema ni kuogopa kufanya sura ya chenye roho. Kwa ukali huohuo, siku moja nilichana daftari la mwanangu, alipokuwa na miaka tisa, kwa kuwa kamchora farasi. Hakulia. Wala hakuchora tena, na leo ni mtu mzima mwenye watoto wake.

Nikamjibu mpwa wangu kwamba nitamsaidia yote ila macho. Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya, Mjomba."

Tukaanza kwa kuliosha kwa maji ya sabuni, kwani plastiki hutoka kiwandani na mafuta ambayo rangi haiyapendi. Mishono ya kalibu tukaikwangua kwa kisu na kuilainisha kwa msasa. Mabawa yaligandishwa kwa gundi, na pale yalipoacha ufa tukaziba kwa pati ile wanayotumia mafundi wa kunyoosha bodi za magari. Mjini Eldoret haikosekani. Rangi ya chini nayo ilikuwa ya kopo la kunyunyizia magari, ya kijivujivu.

Yeye alitaka joka jekundu, kama yalivyo mengi vitabuni. Nikamwuliza, umepata kumwona pono akitoka majini? Hakupata; mtoto wa bara huyu, samaki wake ni wa ziwani. Nikamweleza ule ubuluu unaoingia kijani, na waridi kidogo kwenye mapezi. Akachanganya, akakosea, akachanganya tena, mpaka nikasema huyo ndiye.

Sasa nikaona kwamba kazi hii naijua. Rangi nzito mara moja huziba magamba, basi hupakwa nyepesi, ikakauka, ukarudia. Kisha huja rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji mpaka ikawa kama wino wa kombe: ukiipitisha hukimbilia mabondeni baina ya magamba na kukaa huko, na vilima vikabaki wazi. Ikishakauka, unachukua brashi, unaichovya katika rangi nyeupe-nyeupe, unaipangusa kitambaani hata ukadhani haina kitu, halafu unalipapasa joka juu juu. Wallahi, magamba huinuka kama yamemwagiwa mwanga. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko linavyostahili mtu wa umri wangu. Ardhi ya kusimamia tukaifanya kwa mchanga na majani makavu ya chai, chai ya nyumbani, dada akinung'unika.

Usiku ule sikulala upesi. Nilikumbuka nasaha ya Ibn Abbas kwa yule mtengeneza sura, kwamba kama hana budi basi afanye miti na visivyo na roho. Hiyo ndiyo niliyomchania nayo mwanangu daftari. Lakini nilikumbuka pia lililopokewa na Abu Daud, na hili silo nililolitia maanani siku zile: Mtume (S.A.W.) alimkuta Bi Aisha na wanasesere wake, na kati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Alipouliza ni farasi gani huyo mwenye mabawa, Bi Aisha akamuuliza kwani hakusikia kuwa Nabii Suleimani alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana. Wanachuoni wa Kishafii wamekaza sana katika sanamu, na wengi wao wakavitoa vitu vya kuchezea watoto. Fatwa sitoi mimi, wenyewe wapo. Nasema tu kwamba mlango huo ulikuwapo, nami nilipita kama sikuuona.

Dada yangu asubuhi alilimaliza kwa njia yake. "Nyoka wa vichwa saba aliyeuawa na paa, tulihadithiwa na nani?" Kweli, hadithi ya Sultani Darai ni yetu, na Steere aliichapisha London mwaka 1870. Na mitepe ya Lamu ilitiwa macho omoni, na mabaharia wake waliswali.

Ikabaki vanishi, na hapo niliharibu mimi. Basi langu lilikuwa kesho yake, nikamharakisha kijana anyunyize barazani na manyunyu yanaanguka. Hewa ikiwa na unyevu, vanishi isiyong'aa huganda ikawa ukungu. Pono wetu akageuka mweupe kama aliyelala majivuni. Kijana hakusema neno, akakaa mikono magotini, nami nikaujua unyamavu ule, nimewahi kuuona.

Nikaahirisha safari. Tukapaka juu yake vanishi ya kung'aa kwa brashi, na rangi zikarudi, si zote, lakini zikarudi. Tukangojea jua la saa sita, tukanyunyiza tena, kidogo kidogo, kwa mbali.

Kisha nikaiomba brashi ndogo. Nikatia manjano kwenye macho, nikateremsha katikati mstari mweusi, mwembamba kama alifu, na mwisho tone la vanishi ya kung'aa ili jicho lionekane lina maji.

Mpwa wangu akalipiga picha, nami nikampelekea mwanangu Mombasa kwa simu, bila maelezo. Jibu lilikuja baada ya Magharibi: "Mkia umekolea mno, Baba. Punguza."