Sekunde ya Ngapi? Namna ya Kumkosoa Mwanamuziki Anayejitegemea

Msanii asiye na lebo akitupia wimbo wake mpya YouTube au kwenye kundi la WhatsApp, majibu yanayomrudia kwa kawaida ni ya namna mbili. Kuna "umetisha", "hii ngoma ni ya moto" na mkururo wa emoji. Na kuna "bado sana", "rudi studio", "muziki haukufai, tafuta kazi". Ya kwanza yanafurahisha na ya pili yanachoma, lakini kesho yake mtunzi anapoufungua tena wimbo wake, yote mawili hayamwambii abakishe nini wala aguse wapi.

Upungufu huu unamuumiza zaidi anayejitegemea. Msanii wa lebo ana watu wanaolipwa kumwambia ukweli kabla wimbo haujatoka: produza, meneja, fundi wa kuchanganya sauti. Anayejitegemea mara nyingi ndiye mtunzi, ndiye mwimbaji, ndiye produza, na bando ananunua mwenyewe. Kipande kimoja amekirudia mpaka sikio lake limezoea kasoro zake na haliwezi tena kuzisikia. Wasikilizaji wa mtandaoni ndio sikio lake la pili. Je, sikio hilo liseme nini?

Jibu linaanzia kwenye kitu ambacho msikilizaji anacho na mtunzi hawezi kukipata peke yake: habari ya kilichomtokea mtu aliposikia wimbo huo kwa mara ya kwanza. Mtunzi hataisikia kazi yake kwa mara ya kwanza tena. Kwa hiyo maoni yenye faida hutanguliza habari hiyo na kutaja mahali ilipotokea. Mengine yote yanafuata nyuma yake.

Habari, sababu, tiba

Maoni yoyote juu ya wimbo yana tabaka tatu, na wengi wetu tunazichanganya. "Nilipofika dakika ya 1:20 nilianza kuperuzi simu" ni habari. "Nadhani ni kwa sababu ubeti wa pili unarudia melodia ileile" ni sababu. "Kata ubeti wa pili" ni tiba.

Habari haibishaniwi. Kama akili ilikutoka, ilikutoka. Sababu ni dhana, inaweza kuwa sahihi au la. Tiba ndiyo yenye hatari kubwa ya kupotoka, kwa kuwa anayeitoa hajui mtunzi alikusudia nini, ana ala gani, wala sauti yake inafika wapi. Msikilizaji ni kama mgonjwa mbele ya daktari: anajua vizuri kuliko mtu yeyote panapomuuma na palianza lini, ila cheti cha dawa hakiandiki yeye. Mtandaoni tunafanya kinyume. Tunaruka moja kwa moja kwenye dawa, tena bila kusema panauma wapi.

Kutaja mahali ndiko kunakotenganisha maoni na porojo. SoundCloud, mtandao wa muziki ulioanzishwa Berlin, uliwawezesha wasikilizaji kubandika maoni juu ya mchoro wa sauti wenyewe, kwenye sekunde ileile wanayoizungumzia. Hata pasipo na kitufe cha namna hiyo, kuandika "0:52" kunatosha. Atakayesoma anaburuta wimbo hadi pale na kusikia kile ulichosikia wewe.

Mfano mmoja kwa karibu

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa Tanga ametuma demo ya gita na sauti, dakika tatu kasoro. Kiitikio chake kinaanza hivi: "Barua yako ya mwisho sijaifungua." Ameomba maoni. Msikilizaji mmoja anamjibu:

"Dada, hongera. Nimeusikiliza mara mbili kwa hedifoni. Dakika ya 2:05, gita linaponyamaza ukabaki wewe peke yako, niliacha nilichokuwa nafanya. Kwenye kiitikio, 0:52, mara ya kwanza nilisikia 'baa', nikadhani mtu kaenda kunywa. Nilikuja kuelewa kuwa ni barua mstari ulipoisha. Kuanzia 1:20 akili ilinitoka kidogo, ikarudi pale gita liliponyamaza. Nina swali: huyu anayeimba hajaifungua barua kwa hasira au kwa woga? Sikuweza kujua, na pengine ndivyo ulivyotaka."

Tuyapime maneno haya. Sifa ya mwanzo haikuwekwa kama sukari ya kumezea dawa. Inafanya kazi: inamwambia mtunzi asichopaswa kukivunja. Mtu anayerekebisha wimbo kwa hofu hukata hata kile kilichokuwa kinaubeba, na asiyeambiwa kwamba kimya cha 2:05 ndicho kilichomshika msikilizaji anaweza kukijaza vinanda kesho.

Hoja ya "baa" inaonyesha kwa nini habari inatosha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika neno barua, uzito uko kwenye "ru". Melodia ya binti huyu imeangusha noti ndefu juu ya "ba", kwenye pigo zito kabisa, na sikio la Mswahili likaegemea pasipostahili. Kosa hili ni la kawaida hasa maneno yanapowekwa juu ya biti iliyotangulia kupikwa, kwa sababu biti haijui mkazo wa neno uko wapi.

Sasa tazama tiba zilizopo. Anaweza kuianza "ba" kabla ya pigo ili "ru" ndiyo iangukie pigo zito. Anaweza kuibakiza melodia na kutafuta neno lingine linalokaa pale. Anaweza kufupisha noti ya kwanza na kuivuta ya pili. Ipi inafaa? Inategemea pumzi yake, vidole vyake kwenye gita, na kama neno barua linarudi kwenye beti nyingine. Msikilizaji hajui hata moja kati ya hayo, na hakuhitaji kujua. Angesema "badilisha neno barua" angemfungia milango miwili. Kwa kusema "nilisikia baa" ameiacha yote mitatu wazi.

Na lile swali la mwisho halina hukumu ndani yake. "Mashairi hayaeleweki" ni hukumu. "Ni hasira au woga?" ni swali ambalo mtunzi anaweza kulijibu, au kugundua kwamba hata yeye hajalijibu.

Ujue kwanza anatafuta nini

Washairi wa Kiswahili walikuwa na kipimo cha pamoja. Mwaka 1954 mshairi Amri Abedi alichapisha kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi, na mtu aliweza kumkosoa mwenzake kwa kuhesabu mizani na kukagua vina. Lakini Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani ya mashairi yasiyofuata sheria hizo, ulizuka mjadala mkali: huu ni ushairi au sio? Ukiutazama leo, sehemu ya mjadala ule ilikuwa ni kumpima mtu kwa sheria ambayo hakukusudia kuifuata. Mtu anaweza kuipinga njia yake, ila kumwambia vina havikutimia si kumpinga, ni kutomsoma.

Muziki wa mtandaoni una mitego hiyo kila siku. Singeli, iliyokulia mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, hupita mapigo 200 kwa dakika. Kumwambia msanii wake "punguza kasi" ni kumwambia aache singeli. Taarabu huweza kuwa na utangulizi mrefu wa ala kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na mpenzi wa taarabu anautaka. Lakini anayelenga Spotify, ambako msikilizo hauhesabiwi hadi zipite sekunde 30, ana sababu ya kuuliza kama utangulizi wa sekunde 28 utamfukuzia watu. Wimbo mmoja, utangulizi uleule, majibu mawili tofauti kutegemea unakokwenda.

Mbunifu wa miondoko ya dansi wa Marekani, Liz Lerman, alianza kuunda mwaka 1990 utaratibu wa kutoa maoni unaotumika leo katika sanaa nyingi. Una hatua nne. Kwanza, watazamaji wanasema kipi kimewagusa au kuwabakia. Pili, msanii ndiye anauliza maswali anayotaka kujibiwa. Tatu, watazamaji wanamuuliza msanii, ila kwa maswali yasiyoficha hukumu. Nne, wanatoa maoni yao kwa idhini: "Nina maoni kuhusu kiitikio, unataka kuyasikia?" Kwa haraka utaratibu huu unaonekana wa mzunguko mrefu. Faida yake ni kwamba maoni yanakuja mwisho, baada ya kila mmoja kujua kazi inakusudia nini, na msanii anayapokea akiwa ameyaomba.

Hatua ya kazi nayo ina uzito. Demo ni rasimu. Maneno na melodia bado vinasogezeka, kwa hiyo hayo ndiyo ya kujadili, na kulalamikia ubora wa sauti ni kupoteza muda. Wimbo ulio kwenye miksi haubadilishwi mashairi kirahisi, ila sauti ya mwimbaji inaweza kupandishwa juu ya biti. Wimbo uliokwisha kusambazwa Boomplay na kwingineko umetoka mkononi; maoni yake yaelekezwe kwa kazi ijayo.

Umesikilizia wapi?

Kuna maoni mengi ya kiufundi ambayo kwa kweli ni maoni juu ya simu ya msikilizaji. Spika ndogo ya simu haitoi sauti za chini kabisa, kwa hiyo "besi haipo" inaweza kumaanisha tu kwamba besi haikupita kwenye kispika hicho. Mwaka 1933 watafiti wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kuwa sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupoteza sauti za chini mapema kuliko zile za kati. Wimbo uleule ukiongezwa sauti, besi inajaa. Vivyo hivyo, ukilinganisha demo na wimbo wa msanii mkubwa bila kusawazisha sauti, ule wenye kelele zaidi utaonekana mzuri zaidi hata kama hauna lolote la ziada.

Dawa ni rahisi: taja ulichosikilizia, na kabla ya kusema neno juu ya besi tafuta hedifoni au spika kubwa. Mtunzi naye atume faili lake WhatsApp kama dokumenti, ambalo linafika lilivyo. Ujumbe wa sauti uliorekodiwa mbele ya spika umebanwa kwa ajili ya mazungumzo, na kuijadili miksi kupitia huo ni kubahatisha.

Jambo moja lisemwe faragha daima: melodia inayofanana na wimbo wa mtu mwingine. Mwandikie pembeni, umtajie wimbo na sekunde, bila neno wizi. Muulize pia biti ameipata wapi, kwani biti nyingi zinazoitwa za bure mtandaoni haziruhusu kuuzwa, na YouTube ina mfumo wa kuzitambua sauti zenye mwenyewe. Kumwambia hilo kabla hajasambaza ni msaada mkubwa kuliko uchambuzi wa kiitikio.

Na anayeomba maoni?

"Naombeni maoni" huzaa "umetisha" kwa sababu ombi hilo halina pa kushika. "Ni wapi mlitamani kuruka mbele?" au "mnasikia maneno yote ya kiitikio?" yanampa hata asiyejua muziki kitu cha kujibu. Shangazi asiyejua noti anaweza kusema barabara kwamba mstari wa pili hakuusikia.

Maoni yakija, mtunzi asijitetee. Akianza kueleza kwa nini 1:20 iko vile, mwingine aliyetaka kusema atanyamaza, na huenda ndiye aliyekuwa na la maana. Aandike sekunde zote zilizotajwa kwenye karatasi. Watu wanne wakitaja 1:20, mmoja akasema ni refu, mwingine hakuna ngoma, wa tatu sauti imechoka, wa nne maneno hayana jipya, tiba zao zinapingana, lakini mahali ni palepale. Hapo pana tatizo, na kulitatua ni kazi ya mtunzi. Sekunde iliyotajwa na mmoja tu anaweza kuiacha, hasa kama mwenyewe anaipenda.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama maoni yake yanafaa ayapime kabla ya kuyatuma. Mtunzi akishayasoma, anajua aufungue wimbo sekunde ya ngapi? Kama hajui, mtoa maoni bado hajamaliza kusikiliza.